Leso Juu ya Kompyuta ya Mwanapili

"Mmoja tu!" Hafsa alipiga kelele mpaka kuku aliyekuwa akiatamia chini ya kitanda akatoka mbio. "Wanawake arubaini na mmoja, arubaini wamekubali, na wewe unanizuilia mamangu kwa ajili ya huyo mmoja!"

"Ndiyo," akasema Mwanapili.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, kwa ajili ya huyo mmoja."

"Basi mkate huyo mmoja! Si ndiyo kazi yako, kukata watu kwenye video?"

"Nitamkataje na mlango haufunguki, Hafsa? Ningekuwa naweza kuingia humo ndani nikamkata, ningekuwa nimekaa hapa nakusikiliza wewe?"

Mimi nilikuwa mkekani katikati yao, nachambua mchicha. Kwa kawaida ugomvi wa watu wengine hunipa hamu ya kula. Huu haukunipa. Hafsa alikuwa anamnyonyesha mtoto huku anagomba, na mtoto mwenyewe, wa miezi mitatu, kaacha ziwa, anatazama midomo ya mamake kana kwamba yeye ndiye hakimu.

Huyu Mwanapili ni mjukuu wangu, kanifia mamake nikamlea mimi. Alizaliwa jicho moja limefumba na jingine wazi. Alinitazama kwa lile moja, akanipima kuanzia utosini mpaka unyayoni, mkunga akaangusha wembe. Siku saba hakulifumbua lile la pili. Wako watu hapa Mwabungo wanaosema haya nimeyatunga baada ya yeye kushika kamera. Waulizeni kama walikuwapo. Mimi nilikuwapo, nimeshika beseni.

Alisoma mpaka darasa la sita. Akaolewa na mpishi wa hoteli huko Diani, na yule mpishi siku moja akafuata kazi visiwani akasahau njia ya kurudi. Mwanapili hakulia sana. Alikwenda kumshikia taa mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa akija kupiga picha za harusi zetu, na yule mama alipozeeka magoti, kamera akamwachia yeye. Miaka kumi na moja sasa. Kuanzia hapa mpaka Msambweni, na mara mbili mpaka kisiwani Funzi, ukisikia mtoto wa kike anapambwa, ujue Mwanapili yuko kona fulani, jicho moja kalifumba.

Na kazi yake si ya kila mtu. Siku ya kupamba ni siku yetu wanawake. Bibi harusi amekaa juu ameng'aa kama taa, na sisi wengine tumevua mabuibui, tumebaki na nguo tulizoshonea siku ile, nywele nje, shingo nje, viuno vinasema vinavyotaka. Mlangoni panawekwa kapu. Kila aingiaye anatia simu yake kapuni, awe mke wa kadhi au muuza viazi, na kapu linakaliwa na mtu asiyecheka. Kamera inayovuka mlango ule ni moja tu. Kabla ngoma haijaanza Mwanapili husimama akasema: "Anayewapiga ni mwanamke. Atakayekata ni mwanamke. Hakuna mwanamume atakayewaona." Basi. Hapo ndipo wanawake huachia mabega. Mimi mwenyewe kwenye kupambwa kwa Hafsa nilicheza chakacha mpaka sakafu ikapasuka, na ule ufa mpaka leo upo, nendeni mkauone. Anayesema ulikuwapo kabla ni mwenye wivu.

Kukata ndiko kulikokuwa raha yake. Programu aliyokuwa nayo kwenye kompyuta aliijua kama mimi ninavyojua mafiga yangu. Mkasi uko kushoto, nyimbo ziko chini, cha kutupa kinatupwa kulia. Alikuwa anakata huku anakula muhogo, hata kutazama hatazami. Atamwondoa shangazi aliyeinama vibaya, atamwacha mtoto aliyelala na keki mdomoni. Watu walikuwa wakiona video zake wanasema, kumbe siku ile tulikuwa wazuri namna hii.

Sasa mwaka jana, siku moja, moja tu, aliiunganisha kompyuta na intaneti apate wimbo ambao bibi harusi mmoja aliutaka kwa machozi. Wimbo ukashuka. Na nyuma ya wimbo kikashuka kitu kingine bila ya kuitwa. Asubuhi yake akawasha, akaniita: "Bibi, njoo."

Nikaja. Mimi sijui kusoma, lakini hata mimi niliona. Ni kama utoke kisimani ukute mtu amehamisha mafiga yako, chumvi kaifungia kabatini, na mlangoni kasimama anakuuliza jina lako kabla hujaingia jikoni mwako mwenyewe. Mkasi haupo. Nyimbo zimekwenda pembeni. Ukigusa pale pa kuhifadhi pa siku zote, panakuambia ujiandikishe. Na juu kabisa kuna maneno yanayomwomba apandishe kazi zake zote kwenye wingu.

"Wingu la nani?" nikamuuliza.

"Hawasemi, Bibi."

"Na wanawake wetu watakaa huko na nguo zile?"

Akaikata intaneti siku hiyo hiyo, lakini kilichokwisha kuingia kilikwisha kuingia. Tangu hapo kazi ya siku tatu ikawa ya wiki tatu. Akimaliza video, programu inabandika jina lake yenyewe kifuani pa bibi harusi, kama muhuri wa nyama buchani. Mara ikajichagulia picha bila ya kuulizwa, ikatengeneza filamu yake: ng'ombe anachinjwa, na muziki wa mapenzi chini yake. Mama wa yule bibi harusi hajamsalimu Mwanapili mpaka leo. Wateja wakaanza kupungua. Mwanapili naye akaanza kupungua, mashavu kwanza. Usiniambie mtu hawezi kukondeshwa na mashine. Mimi nilikuwa nampikia, niliona sahani zinavyorudi.

Yote hayo angeyavumilia. Kilichomvunja ni Hafsa.

Hafsa aliolewa mwaka juzi. Mamake, Bi Tumu, alikuwa mwanamke asiyependa picha. Picha yake ni moja duniani, ya kitambulisho, na humo anatazama kama mtu aliyesingiziwa wizi wa kuku. Lakini siku ya kupambwa kwa bintiye, sijui alipigwa na nini, Bi Tumu alivua buibui, akafungua nywele, akaingia katikati. Alicheza mwanamke yule! Alicheza mpaka wapiga ngoma wakaomba maji. Na Mwanapili akampiga mwanzo mpaka mwisho.

Siku ishirini na mbili baadaye Bi Tumu alijilaza baada ya adhuhuri akasema anapumzika kidogo. Hakuamka.

Hafsa alikuja hapa na leso nyeusi, akasema, "Dada, usiikate. Siwezi kuiona sasa." Mwanapili akaiacha vile vile ilivyo, nusu imekatwa, nusu bado, ndani ya programu yake ya zamani. Kadi ya kamera akaifuta kwa harusi iliyofuata, kama afanyavyo siku zote. Nani angejua?

Basi baada ya Maulidi ya mwaka huu Hafsa akajifungua, mtoto akamwita Tumu. Na babake Hafsa, mzee Salimu, anayelinda jumba la wageni kule Diani, alipompakata yule mtoto akamuuliza Hafsa: "Kile kibonyeo cha mamako shavuni kilikuwa kulia au kushoto?" Hafsa akasema kulia, kisha akasema kushoto, kisha akavaa buibui akaja kwetu. "Dada, sasa naweza. Nataka mamangu, umkate peke yake, Baba naye amwone."

Mwanapili akaifungua ile kazi. Programu ikamwambia kazi hii ni ya zamani, haifunguki. Alichopewa ni vipicha tu, vimejipanga kama stempu, kila mwanamke ukubwa wa ukucha. Bi Tumu alikuwa ukubwa wa punje ya kunde, mikono juu. Ukimgusa, hatikisiki.

Yuko fundi Ukunda, Munyoki, kijana wa Kikamba, mpole, anayejua mashine hizi kama mganga. Alisema leteni, nitairudisha ile ya zamani, nitaitoa. Lakini kuitoa lazima aione. Mwanapili hakulala. Kisha akavaa viatu. Wiki tatu alizunguka nyumba kwa nyumba, Mwabungo, Galu, Ukunda, Msambweni, kwa wanawake wote waliokuwa ndani siku ile. Anabisha hodi, anakunywa chai asiyoitaka, anauliza: "Niliwaahidi hakuna mwanamume. Je, huyu mmoja, kwa ajili ya Bi Tumu?" Na wanawake walikubali. Wengine walilia. Mimi aliniuliza pia, rasmi kabisa, nikamwambia huyo Munyoki anione tu, labda ataacha kunywa soda.

Aliyekataa ni Mejumaa wa Msambweni. Hakusema sababu, na Mwanapili alirudi nyumbani bila ya kuuliza. Mimi nilimbana: "Ana nini huyo Mejumaa? Ana alama? Alikuwa na mimba?" Mwanapili akanitazama kwa jicho lile la kuzaliwa. "Bibi, amesema hapana." Majirani niliwapa sababu tatu tofauti nilizozitunga mwenyewe, maana watu lazima wapate kitu. Lakini ukweli ni huo: alisema hapana.

Ndipo tulipofikia siku hii ya kelele.

"Basi usiipeleke," Hafsa alisema sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko ile ya juu. "Kaa nayo. Mfe nayo wewe na Mejumaa wako. Mimi nitamwambia mwanangu bibi yake alikuwa kunde."

Mwanapili akainamisha kichwa. Mimi nikaona nisaidie. Mungu anisamehe, mimi nikaona nisaidie.

"Kwani lazima huyo fundi aone?" nikasema. "Si akuambie kwa simu? Yeye aseme, wewe ubonyeze."

Wakatazamana. Mwanapili akapiga simu, akaiweka kwa sauti tusikie sote.

"Madam Mwanapili! Si nilikwambia ulete tu mashine?"

"Mashine haiji, Munyoki. Nielekeze kwa mdomo."

"Kwa mdomo? Ai, hiyo kitu wamebadilisha kila mahali, hata mimi naijifunza upya kila mwezi. Sasa fanya hivi, piga picha ya skrini unitumie, nione uko wapi."

"Siwezi. Skrini imejaa watu."

"Watu gani?"

"Watu," akasema Mwanapili.

Nikavua leso yangu mabegani. "Wavisheni!" nikasema. "Wamevua nguo, si tuwavike?" Hafsa alicheka, wallahi alicheka, mara ya kwanza tangu aingie. Mtoto akamlaza kitandani. Mimi nikashika ncha mbili, yeye ncha mbili, tukaitandaza leso mbele ya kompyuta, na Mwanapili akapiga kwa simu yake, akatuma.

"Shosho!" Munyoki alipiga kicheko. "Mmenitumia leso! Naona maua tu!"

"Ni nzuri lakini?" nikamuuliza.

"Noma sana, Shosho. Lakini vitufe siioni."

Tukaishusha kidogo, tukaipandisha, tukaikunja pembe. Aliyekuwa wazi mkono, tunamfunika mkono. Ilikuwa kama kumvisha mtoto mtundu. Munyoki anasema gusa pale, Mwanapili anagusa, tunapiga nyingine. Tulikuwa tunacheka sote wanne, na mimi nikijisifu moyoni, nikipanga nitakavyoisimulia: jinsi bibi asiyejua hata herufi moja alivyoifundisha kompyuta adabu.

Kisha kikatokea kisanduku cha maneno, katikati kabisa, juu ya vichwa vya wale wanawake. Tukakifunika kama tulivyofunika mengine, tukaacha chini yake tu, palipokuwa na vitufe viwili.

"Sawa, naona ya buluu na nyeupe," akasema Munyoki. "Maandishi siyaoni, yako chini ya leso."

"Yako juu ya nyuso za watu."

"Basi nisomee."

Mwanapili akachungulia chini ya leso. Kilikuwa Kizungu kirefu, mistari mingi. Akaanza neno moja moja, kama mtu anayevuka maji kwa mawe. Hakufika mstari wa pili.

"Ee, hiyo naijua," Munyoki akamkata. "Hata kwangu iko hivyo. Inataka kuigeuza iwe ya kisasa. Piga ya buluu."

"Bado kuna mistari mingine, Munyoki."

"Hizo ni stori zao tu, madam. Piga ya buluu."

Mkono wa Mwanapili ukasimama. Namjua. Alitaka kusoma mpaka mwisho.

"Bonyeza, Dada," akasema Hafsa. "Bonyeza, nakuomba."

"Bonyeza, mwanangu," nikasema mimi, "mikono inaniuma, na mchicha unanyauka."

Akabonyeza.

Kimstari kikaanza kutambaa. Tukateremsha leso tuone vizuri. Na vile vipicha vikaanza kuwa vyeusi. Kimoja, kingine, kingine, kwa mpangilio, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba anazima taa. Nilijiona mimi nikizimika, na nguo yangu ya kijani. Hafsa akaweka kidole juu ya Bi Tumu, sijui alidhani atamzuia. Alipokiondoa palikuwa peusi.

"Imemaliza?" Munyoki akauliza.

"Imemaliza," akasema Mwanapili. "Ni nyeusi."

"Nyeusi vipi?"

"Nyeusi, Munyoki. Zote."

Tukasikia tuktuk ikipita huko kwake Ukunda.

"Madam," akasema, na ule uchangamfu wote umemtoka. "Pale chini ya maandishi, palikuwa na kiboksi kidogo kilichotiwa tiki? Kwangu hakijatiwa. Kinauliza kama ile ya zamani ifutwe ikishageuzwa."

Mwanapili alinyoosha mkono akaichukua leso pajani mwangu, akaitazama mbele na nyuma, kana kwamba kile kiboksi kimeganda huko.

"Walikuwa hawakitii tiki wao wenyewe," Munyoki aliendelea. "Lazima ni hizi toleo mpya, hata hazifanani... Pole, madam. Pole sana. Na wewe Hafsa, pole." Akakata simu.

Nilingojea wanitukane. Hafsa akamgeukia Mwanapili, si mimi.

"Ungempelekea."

"Ningempelekea, angemwona Mejumaa."

"Na sasa nani amemwona nani?"

Hakuna hata mmoja aliyenitazama. Mikono yangu bado ilikuwa imenyooka, inashika leso isiyokuwapo, na hapakuwa na uongo hata mmoja niliouweza wakati ule. Mimi! Ningetoa mchele wa mwezi mzima mtu aseme, Bibi, ni wewe.

Mtoto akaanza kulia kitandani. Hafsa hakumchukua. Nikamchukua mimi.

Mwanapili akawa anagusa vile vipicha vyeusi, kimoja baada ya kimoja, bila ya matumaini, kama mtu anavyopapasa mifuko anayojua ni mitupu. Cha tano au cha sita kikatoa ngoma.

Tukashtuka sote. Skrini nyeusi tititi, na ndani yake ngoma inalia, vigelegele vinapasua, mtu anaita aletewe asumini, na mimi mwenyewe nasikika nikimtusi mtu aliyenikanyaga. Kisha karibu kabisa na kamera, sauti ya Bi Tumu, nene, imejaa kicheko:

"Hafsa! Inua uso! Wanja utavuja hivyo, babako atasema tumemuozesha bundi!"

Kikakatika.

"Sauti imebaki," akanong'ona Mwanapili. "Picha hakuna. Sauti imebaki."

"Rudisha," akasema Hafsa.

Akarudisha. *Hafsa! Inua uso!*

"Rudisha."

Akarudisha. Hafsa alikuwa amepiga magoti, uso umegusa kioo kile cheusi. "Nitamwambia nini Baba? Nimemwahidi, Dada. Nimemwambia leo atamwona. Nimemwambia aombe ruhusa kazini. Nitamwambia nini?"

"Mwambie..." Mwanapili akaanza.

Sikusikia hodi. Labda alipiga, na ngoma ikamfunika. Mzee Salimu alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya ulinzi, makubadhi mkononi, na mkono mwingine ana flashi mpya ya kutilia video, ndani ya plastiki yake, hajaifungua. Mwanapili akarusha mkono kuifunika kompyuta, kama afanyavyo siku zote akisikia mguu wa mwanamume. Mkono ukafika katikati ukasimama, maana hapakuwa na cha kuficha.

Sauti ilikuwa bado inaendelea, na humo ndani ya kompyuta mkewe akacheka.

"Tumu?" akasema mzee Salimu.